Fundi kaniwekea kraki, mafaili yamefungwa. Nitaiaminije tena programu ya bure?

Shikamoo mjomba,

Nina steshenari ndogo hapa Ngamiani, Tanga, huu mwaka wa sita. Natoa kopi, nachapa, napiga laminesheni, lakini siku hizi kazi kubwa ni ya mtandaoni: kuwajazia watu maombi ya ajira, vyeti vya kuzaliwa, na watoto wanaoomba mkopo wa chuo. Kompyuta ninazo mbili za mezani, zote za mtumba.

Mwezi uliopita moja ilianza kuwa nzito. Nikamwita fundi anayetupigia windo mtaa mzima. Akachukua elfu ishirini yake, akapiga windo upya, akaweka Office na antivairasi ambayo alisema watu wanainunua kila mwaka, ila yangu ameikraki, yaani ameivunja ifanye kazi bila kulipiwa, itadumu maisha. Nilimwona akizima ile Defender, mlinzi wa virusi anayekuja na Windows, kabla hajaanza. Nikamwuliza mbona anazima, akasema hiyo inasumbua tu, haipatani na kraki.

Siku ya nne nafungua duka, mafaili yote yamebadilika majina. Kila moja lina herufi nne za ajabu mwishoni na halifunguki. Kila folda ina karatasi inaitwa _readme.txt, imeandikwa Kiingereza, wanataka dola 980, na nikiwahi ndani ya saa 72 wananipunguzia nusu, dola 490. Mjomba, hela hiyo mimi nikiipata nanunua printa. Humo ndani mna kadi za harusi mbili ambazo hazijachapwa, mitihani ya shule ya jirani, video ya harusi ya mdogo wangu, na faili moja la Word ambalo naona haya hata kulitaja. Nilikuwa naandika humo paswedi za wateja, maana wakirudi huwa wameshasahau.

Sasa mtoto wa dada yangu yuko chuo, amekuja likizo. Anasema nifute kila kitu niweke programu huria: Linux Mint badala ya Windows, LibreOffice badala ya Office, KeePassXC ya kutunza paswedi, na nyingine nimesahau. Anasema ni za bure na msimbo wake, yale maandishi yanayoiunda programu, uko wazi, mtu yeyote anaweza kuusoma. Hapo ndipo nilipogoma. Kwanza bure imeshaniunguza. Pili, kama kila mtu anausoma, basi na mwizi anausoma. Si sawa na kumpa mwizi ramani ya nyumba yangu? Na hao wanaotengeneza bila kulipwa, wao wanapata nini? Mume wangu anacheka, anasema ninunue antivairasi moja halali, yaishe.

Mjomba, nimsikilize nani?

Mwenye Steshenari, Ngamiani

*

Marahaba mpwa wangu, na pole sana. Swali lako la ramani nalipenda na nitalijibu, ila lisubiri kidogo, kuna chungu kinaungua jikoni.

Karatasi hiyo naijua. Dola 980, nusu bei kwa saa 72, jina la _readme.txt, herufi nne nyuma ya kila faili: ni ukoo wa virusi unaoitwa STOP, wengine huuita Djvu. Njia yake kubwa ya kuingia ndani ya nyumba za watu ni hizo hizo programu zilizokrakiwa. Tena mara nyingi hauji peke yake. Huja na mwenzake asiye na kelele, ambaye kazi yake ni kuzoa paswedi zilizohifadhiwa kwenye brauza na kuzipeleka kwa aliyemtuma. Kwa hiyo chukua simu, si kompyuta ile, ubadilishe paswedi zako leo hii, ukianza na ya baruapepe. Ukimaliza, wapigie wateja wote waliomo kwenye lile faili la Word, mmoja mmoja, wabadilishe na wao. Utaona haya, lakini haya ya simu ishirini ni nafuu kuliko mtoto wa mtu kukuta akaunti yake ya mkopo imeguswa. Na jua kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamhusu yeyote anayekusanya na kutunza taarifa za watu, steshenari nayo imo.

Pesa usitume. Kulipa hakukupi uhakika wa chochote. Mafaili yaliyofungwa usiyafute. Yahamishie kwenye diski ya nje pamoja na karatasi moja ya _readme.txt, uyaweke kando. Kisha itazame hiyo karatasi mwishoni, kwenye ule mstari mrefu wa kitambulisho chako. Ukiishia kwa t1, una matumaini. Maana yake kirusi hakikufanikiwa kuwasiliana na wenyewe siku ile, kikatumia ufunguo wa akiba ambao ni mmoja kwa watu wengi, na baadhi ya funguo hizo zimeshapatikana. Kijana wako aingie kwenye tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol (shirika la polisi la Ulaya) na kampuni mbili za usalama wa kompyuta. Humo mna vifaa vya kufungulia, bila malipo. Kama hauishii kwa t1, kwa sasa subira tu, na ndiyo maana nimekwambia usifute.

Video ya harusi ya mdogo wako usiikatie tamaa. Ukoo huu una haraka, kwa hiyo hufunga mwanzo tu wa faili, kama kilobaiti 150. Kwenye kadi ya mwaliko hiyo ni kadi yote. Kwenye video ya saa mbili ni tone. Fundi wa video akipata faili jingine zima lililopigwa na kamera ileile, anaweza kurudisha sehemu kubwa. Na mwulize mpiga picha kama kadi ya kamera bado anayo. Hata kama ameifuta, mradi hajairekodia vitu vingi juu yake, kuna programu inaitwa PhotoRec ya Mfaransa Christophe Grenier, inayochimbua picha na video zilizofutwa. Nayo ni huria, na ni bure. Umeona, nimeshakuingizia moja kabla hujakubali.

Sasa tuje kwenye ramani.

Hao waliokufungia mafaili wametumia hesabu za kufungia za aina mbili, Salsa20 na RSA. RSA ilitungwa mwaka 1977. Salsa20 ni ya mwaka 2005. Zote zimechapishwa, kijana wako akienda maktaba ya chuo atazikuta zimeelezwa hatua kwa hatua. Ramani nzima iko mezani, wewe unayo, mimi ninayo, polisi wa Uholanzi wanayo. Mbona hatufungui? Kwa sababu ramani si ufunguo. Kufuli zuri ni lile ambalo hata aliyelitengeneza akisahau ufunguo ndani anabaki kugonga mlango wake mwenyewe. Mholanzi mmoja, Auguste Kerckhoffs, aliandika jambo hili mwaka 1883 akizungumzia siri za kijeshi: mtambo wako wa kuficha barua uwe ni ule ambao hata ukiangukia mikononi mwa adui, hakuharibikii kitu. Siri ibaki kwenye ufunguo peke yake. Wezi wako wamelielewa somo hilo vizuri kuliko fundi wako.

Basi programu huria za usalama zimejengwa hivyo. VeraCrypt inayofunga diski, KeePassXC inayotunza paswedi, msimbo wake uko wazi, na mwizi akiusoma mwaka mzima atatoka amejua jinsi kufuli linavyofanya kazi, ufunguo bado unao wewe.

Ila nisikudanganye kwamba msimbo haukosi matundu. Unakuwa nayo. Siku maji yakitoka, shuka pale Deep Sea ukaangalie vyombo vilivyopwelewa. Kila anayepita anaona mbao, misumari, mahali kalafati imelegea. Nahodha hawezi kusema chombo chake ni kipya wakati chini kumeoza. Mwenye nia mbaya anaona, kweli, lakini fundi anaona pia, na abiria, na mzee aliyekaa kivulini asiye na kazi ila kusema kila chombo kina kasoro gani. Programu iliyofungwa ni chombo ambacho hakipwelewi kamwe. Unaambiwa tu na mwenye nacho kwamba chini kuko salama. Inawezekana ni kweli. Lakini maji hayangoji kuonyeshwa ufa.

Mwaka 2014 liligunduliwa tundu kwenye OpenSSL, programu huria inayolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya tovuti duniani. Tundu hilo waliliita Heartbleed, na lilikuwa limekaa humo miaka miwili, mchana kweupe, hakuna aliyeliona. Kijana wako akikwambia msimbo ukiwa wazi basi una macho elfu yanaukagua, mwambie macho elfu mengine yanapita tu. Wazi maana yake unaweza kuangaliwa. Kuangaliwa ni kazi ya mtu, na mtu huyo lazima awepo.

Mwaka 2024 mtu huyo alikuwepo, kwa bahati. Kuna kiprogramu kidogo kinaitwa xz, kazi yake kubana mafaili, kimo karibu kila Linux. Aliyekitunza kwa miaka mingi alikuwa mtu mmoja, amechoka, hana msaidizi. Akajitokeza mtu anajiita Jia Tan, mpole, mchapakazi, akasaidia kidogo kidogo zaidi ya miaka miwili mpaka akakabidhiwa funguo. Akaingiza mlango wa siri kwenye matoleo mawili. Mhandisi mmoja, Andres Freund, alikuwa anapima kasi ya kazi yake nyingine kabisa, akaona kuingia kwenye mashine yake kunachelewa nusu sekunde. Nusu sekunde, mpwa wangu! Wewe na mimi tungesema bando leo zito. Yeye akaanza kufukua, na kwa kuwa vipande vyote vilikuwa vinasomeka, alifukua mpaka akafika chini. Tarehe 29 Machi 2024 akautangazia ulimwengu, na matoleo yale yalikuwa bado hayajafika kwenye mashine za watu wengi. Kama ingekuwa programu iliyofungwa, angeandika malalamiko kwa kampuni na kungoja majibu.

Kisa hicho ndicho kinachojibu swali lako la wanapata nini. Wengine wanalipwa. ClamAV, inayokagua virusi, iko chini ya Cisco, kampuni kubwa ya Marekani. Let's Encrypt, wanaotoa bure hati za usalama kwa tovuti, wanaishi kwa wafadhili na michango. Na wengine hawapati kitu, ni watu kama yule wa xz, na hapo ndipo Jia Tan alipopata upenyo. Kwa hiyo programu huria inayotunzwa na mtu mmoja aliyechoka, iogope kidogo. Inayotunzwa na kundi la watu, yenye matoleo mapya kila baada ya muda mfupi, hiyo itumie.

Na kwa kweli unazitumia tayari. Kile kikufuli unachokiona juu ukifungua tovuti, kwa tovuti nyingi hati yake imetoka kwa hao Let's Encrypt. Zamani hati zilikuwa za kununua, wenye tovuti ndogo wakaziacha, na yeyote aliyekaa nawe kwenye Wi-Fi moja angeweza kusoma unachoandika. Simu yako ya Android moyo wake ni Linux. WhatsApp inafunga jumbe zako kwa kanuni za Signal, programu nyingine ya kutumiana ujumbe, ambazo ziko wazi, tangu mwaka 2016. Hata hiyo LibreOffice unayoiogopa ina udugu na sisi: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chini ya mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayosema Kiswahili. OpenOffice hiyo ndiyo mama wa LibreOffice. Waliweza kwa sababu msimbo ulikuwa wazi, hawakumpigia mtu magoti.

Kwa hiyo bure ya kraki na bure ya huria zinalingana bei tu. Ya kraki ni mali ya mtu, imevunjwa na mtu usiyemjua, ndani kawekwa kitu usichokijua, na sharti la kwanza ni umfunge mlinzi kamba kabla mgeni hajaingia. Ulimwona mwenyewe fundi akimfunga.

Mume wako ana nusu ya ukweli. Mwambie hela ya antivairasi aiweke kwenye leseni halali ya Windows, kwa kompyuta moja itakayobaki nayo. Defender imo humo humo, si huria lakini inafanya kazi yake vizuri ikiachwa hai. Na wala usibadilishe Defender kwa ClamAV, kijana asikudanganye hapo: ClamAV ukiiweka kwenye Windows hivi hivi, hukagua pale unapoiambia ikague, haisimami mlangoni. Angalia pia kama mashine inakubali Windows 11, kwa sababu Windows 10 ilikwisha muda wake wa matengenezo ya kawaida Oktoba 2025. Mitumba mingi haikubali.

Kompyuta ya pili, iliyo karibu na kaunta, mpe kijana aipige Linux Mint, na hiyo iwe ndiyo ya kupokelea flashi zote za wateja. Hapa ndipo utaona faida kila siku. Flashi za Ngamiani unazijua, waja leo waondoka leo, ila wadudu wao hubaki. Wale wanaogeuza kila folda kuwa shotikati wameandikwa kwa ajili ya Windows. Kwenye Mint shotikati hiyo ni kitu kilichokufa. Tena yale mafaili yaliyofichwa, ambayo mteja analia yamepotea, Mint huyaonyesha yenyewe bila uganga wowote. Unanakili, unaisafisha flashi, unamrudishia mafaili yake. Itoze kazi hiyo. Na ClamAV hapa ina maana, uikague flashi kabla haijatoka dukani kwako kwenda kuambukiza shule nzima.

LibreOffice itakukera, ujue mapema. Barua ya kawaida inafunguka vizuri, lakini CV yenye majedwali na mapambo iliyotengenezwa kwa Word huhama mistari, na fonti ikikosekana kadi ya harusi inakuwa tangazo la msiba. Kazi ya kuchapa tu omba PDF. Za mapambo zipeleke kwenye ile yenye Windows.

Paswedi za wateja usizitunze tena, hata kwa wema. Mteja aandike kwenye daftari lake, au umfundishe kuirejesha kwa simu. Zako wewe ziweke KeePassXC: ni faili moja lililofungwa kwa neno la siri moja refu, halihitaji intaneti. Neno hilo ukilisahau hakuna wa kumpigia, basi liandike kwenye karatasi ukaiweke nyumbani, sandukuni. Nunua na diski ya nje, uifunge kwa VeraCrypt, kila jioni unakili kazi za siku halafu uichomoe. Diski iliyochomekwa muda wote ingefungwa na kirusi siku ileile pamoja na vingine vyote.

Kijana azichukue programu hizi kwenye tovuti za wenyewe au kwenye hifadhi ya programu ya Mint yenyewe, asibonyeze matangazo ya juu ya Google. Mwaka 2023 matapeli walilipia tangazo la KeePass (ndugu wa KeePassXC) ya bandia, anwani yake ilifanana na ya kweli kasoro kijinukta chini ya herufi.

Wenye kadi za harusi uwaambie leo kwamba unaanza upya, ujue kama waliitunza ile picha uliyowatumia WhatsApp waihakiki. Na kabla hujafuta chochote, niandikie printa yako ni ya aina gani na namba iliyobandikwa nyuma yake. Za HP nyingi Mint huzitambua zenyewe, ila kuna baadhi za bei nafuu hugoma kabisa, na sitaki ugundue hilo mbele ya foleni ya wanafunzi.